Naomba ushauri: bunduki ya kuwindia inatawanya risasi

Wakuu, habari zenu. Nina bunduki ya kuwindia ya .308 (kipimo cha risasi zake) yenye kitako cha mbao, na inanitoa jasho. Kwenye shabaha ya mita 100, nikiwa nimeilaza juu ya mifuko ya mchanga, matundu yanatawanyika upana wa kiganja kizima. Kwa mnyama hiyo haikubaliki, utamjeruhi tu atokomee porini.

Kinachonishangaza ni mpangilio wake. Mtutu ukiwa wa baridi, risasi mbili za kwanza zinakaa karibu karibu. Ukishapata moto, zinazofuata zinapanda juu na kuvutia kulia. Nikapitisha karatasi kati ya mtutu na mbao: inateleza vizuri kuanzia mbele, halafu inakwama katikati, upande wa kushoto. Nashuku mbao imevimba kwa unyevu na inausukuma mtutu.

Darubini haina shida. Kwenye bunduki nyingine inapiga vizuri, na skrubu zake zimekaza. Mtutu nimeusugua hadi masalia ya shaba yanayoachwa na risasi yakaisha, na mdomo wake hauna mkwaruzo.

Sasa, nianze kupiga msasa mfereji wa mbao ili mtutu usiguse popote, au nitangulize epoksi (gundi ngumu) pale mtambo, yaani sehemu ya chuma inayopakia na kufyatua risasi, unapokaa? Na kubadili uzito wa risasi, kutoka greni 150 kwenda 165 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), kuna maana yoyote kabla mbao haijarekebishwa? Fundi anataka tubadili mtutu mzima, mimi naona ana haraka mno. Mliowahi kukutana na hili, nisaidieni.