Mrejesho: antivirus kwenye laptop ya Ubuntu

Habari za siku, wakuu. Mwezi uliopita niliuliza kama laptop yangu ya nyumbani, inayotumia Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux, si Windows), inahitaji antivirus. Asanteni sana kwa majibu.

Niliweka antivirus iitwayo ClamAV. Kwenye laptop yenyewe haikukuta kitu. Kazi ilikuwa kwenye flashi ya mdogo wangu, iliyotoka steshenari alikokwenda kuprinti: mafaili mawili ya .exe, na njia za mkato zenye majina yaleyale ya mafolda yake, huku mafolda halisi yamefichwa. Kwangu hayakufanya lolote, maana yameandikwa kwa ajili ya Windows. Lakini kesho yake alikuwa aichomeke kwenye kompyuta ya kazini! Nimeyafuta, nikamrudishia mafolda yake yote.

Kwa hiyo ClamAV nimeibakiza kwa ajili ya flashi tu. Ulinzi wangu hasa ni masasisho, na kupakua programu kutoka hazina (ghala rasmi la programu) ya Ubuntu yenyewe.

Kwa aliyeuliza kama Mac nayo inahitaji antivirus: ina XProtect, kinga ya Apple dhidi ya virusi, ndani yake, lakini usiahirishe masasisho. Mwaka 2012 programu hasidi iitwayo Flashback iliingia kwenye Mac zipatazo 600,000 kupitia udhaifu wa programu ya Java.