Zana za mtandaoni zipo, lakini wanafunzi hawasemezani kwa Kiingereza: tufanyeje?

Swali: Mwalimu wa Kidato cha Kwanza, Morogoro

Ndugu walimu, nafundisha Kiingereza katika sekondari ya kata ambako karibu wanafunzi wote wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, nao wakifika kwetu hutakiwa kusoma Hisabati, Biolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Darasa lina wanafunzi zaidi ya sitini, projekta ni moja kwa shule nzima, na mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu. Huwa nawaonyesha video fupi za BBC Learning English, kisha tunacheza maswali ya Kahoot, programu ya maswali ya kuchagua jibu, kwa kunyoosha mikono. Wanachangamka kweli, ila nikitega sikio nagundua kwamba Kiingereza kinachosikika ni changu, cha video, na herufi A, B, C na D. Wao kwa wao huzungumza Kiswahili tu. Je, zana hizi zinaweza kuwafanya wazungumze, au kazi yake ni kuchangamsha kipindi basi?

Jibu: Mwalimu wa Kidato cha Pili, Iringa

Mwalimu mwenzangu, hali unayoieleza ilikuwapo kabla ya intaneti. Mwaka 1975 Sinclair na Coulthard, waliochunguza mazungumzo ya darasani nchini Uingereza, walionyesha mtindo wa hatua tatu: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anasema kama jibu ni sahihi. Maswali ya projekta yanafuata njia hiyohiyo, isipokuwa sasa anayesahihisha ni mashine, na mwanafunzi ambaye zamani angalau alitamka sentensi sasa anachagua herufi.

Mtu huzungumza pale ambapo mwenzake ana jambo asilolijua yeye. Kwa hiyo mimi huzima projekta na kutumia simu mbili, yangu na ya mwalimu mwenzangu wa idara, au picha nilizochapisha kutoka mtandaoni. Chukua ratiba ya treni ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, uifanye nakala mbili, katika moja ufute saa za kuondoka na katika nyingine ufute nauli. Kundi lenye nakala moja halioni kilichomo katika nakala ya kundi jirani, na safari haiwezi kupangwa mpaka waulizane. Hapo ndipo utasikia maswali ya kweli ya Kiingereza, yaliyovunjika, ndiyo, lakini yenye haja ndani yake. Waruhusu dakika chache za Kiswahili kupanga watakachouliza, maana kuwakataza kabisa huzaa ukimya, na ukimya haufundishi lugha yoyote.

Jibu: Mwalimu wa sekondari ya msingi, Kilifi

Nakubaliana na mwenzangu wa Iringa, ila nisingeyatupa maswali ya kuchagua. Huku kwetu Kenya wanafunzi hufundishwa kwa Kiingereza tangu Gredi ya Nne, na bado wanapozungumza darasani humwelekea mwalimu, si mwenzao. Kilichonisaidia ni utaratibu ambao Eric Mazur aliuanzisha katika masomo ya fizikia huko Harvard miaka ya 1990: wanafunzi hupiga kura, mwalimu anaficha jibu, kila mmoja anamshawishi jirani aliyechagua tofauti, kisha wanapiga kura tena.

Kwa shule isiyo na simu za wanafunzi, tumia Plickers. Kila mwanafunzi hushika kadi ya karatasi na kuizungusha kulingana na jibu lake, na simu ya mwalimu husoma kadi zote kwa kamera. Uzito wote uko katika swali lenyewe. Nikiandika *Amina has gone to Mombasa* (amekwenda na hajarudi) na *Amina has been to Mombasa* (amewahi kufika), halafu nikauliza ni katika sentensi ipi tunaweza kumkuta Amina nyumbani leo, darasa hugawanyika na ubishi huanza wenyewe. Swali ambalo wote wanalijua, au wote hawalijui, halina mazungumzo ndani yake.

Jibu: Mwalimu, Unguja

Naomba kutoa tahadhari kuhusu makundi ya WhatsApp, kwa sababu najua ushauri huo utafuata. Simu ya nyumbani ni ya mzazi, kifurushi ni cha mzazi, na mara nyingi inarudi usiku mwanafunzi akiwa amelala. Zaidi ya hayo, kazi ya maandishi hupitishwa kwenye programu ya kutafsiri, ikarudi safi kuliko ya mwalimu.

Sisi tunatumia ujumbe wa sauti kati ya madarasa ya shule mbili, kupitia simu za walimu peke yake. Kundi la wanafunzi watano hurekodi dakika moja kuhusu soko lao au uvuvi, na lazima wamalizie kwa swali. Darasa la upande wa pili hulisikiliza kwa spika na kujibu. Hawataji majina kamili wala kutuma picha. Wanafunzi hurudia kurekodi bila kuambiwa, kwa kuwa hawataki wageni washindwe kuwaelewa.

Mwuliza swali, Morogoro

Nashukuruni sana. Ratiba ya treni nitaanza nayo wiki hii, kwani wengi wao huiona treni hiyo ikipita. Linalonitatiza ni hili: makundi kumi na mawili yakizungumza kwa wakati mmoja, makosa yao nitayasikiaje?

Jibu: Mwalimu wa Kidato cha Pili, Iringa

Hutayasikia yote, na huhitaji. Kaa na makundi mawili katika kila kipindi, uandike makosa bila kuwakatiza, kisha dakika tano za mwisho weka ubaoni sentensi tatu au nne bila kutaja aliyezisema, darasa zima lizirekebishe. Kipindi kinachofuata unahamia makundi mengine. Na mwambie mwalimu wa chumba cha jirani mapema kwamba kutakuwa na kelele.