Esomeprazole inanielemea kwa gharama: naweza kuhamia omeprazole?

Mlalakiti:
Wakuu, naomba msaada wa wanaojua dawa. Nimeandikiwa esomeprazole miligramu 40, kidonge kimoja kwa siku kwa wiki 8, kwa sababu ya asidi inayopanda hadi kooni. Namezea usiku ninapokwenda kulala. Omeprazole ni nafuu zaidi, je, ni kitu kilekile? Nikimeza zile siku kiungulia kinapowaka tu, ili pakiti idumu, kuna ubaya? Na wiki 8 zikiisha naacha mara moja?

Kapsuli:
Mkuu, tuanze na huo muda wa kumeza, maana ndio unaokula hela yako. Dawa hizi haziondoi asidi iliyokwisha kumwagika tumboni. Zinafunga pampu zinazoitengeneza, tena zile tu zilizo kazini, na kinachoziamsha pampu ni chakula. Meza dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa, kisha ule kweli. Chai tupu haihesabiki. Ukimeza na kulala, dawa inazunguka kwenye damu saa chache na kuisha, huku pampu nyingi bado zimelala.

Kuruka siku nako hakufai kwa sasa. Kila dozi hufunga sehemu ya pampu, na mwili nao hutengeneza mpya kila siku, hivyo nguvu kamili hupatikana baada ya siku 3 hadi 5 za mfululizo. Anayemeza leo na kuruka kesho hafiki hapo, na umio wenye michubuko haupati nafasi ya kupona. Kumeza unapohitaji tu ni mpango wa baadaye, daktari akikubali.

Dirishani:
Kuhusu omeprazole: ni mchanganyiko wa molekuli mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Esomeprazole ni mkono mmoja kati ya hiyo miwili, ule ambao mwili huuvunja polepole kidogo. Basi. Kwa wagonjwa wengi tofauti ya matokeo ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Ila usibadilishe mwenyewe. Mwambie daktari wazi kwamba gharama imekushinda (wengi huona haya kusema, wakaishia kuacha dawa kimyakimya), aandike upya cheti kwa jina la dawa yenyewe badala ya jina la kibiashara, na aseme ni miligramu ngapi.

Dukani linganisha kapsuli mbili za 20 na moja ya 40. Mara nyingine mbili ni nafuu, mara nyingine sivyo. Uliza pia lansoprazole na pantoprazole, ni za ukoo huohuo.

Jambo moja la lazima: ukitumia clopidogrel ya kuzuia damu kuganda, omeprazole na esomeprazole zote hupunguza nguvu yake. Hapo pantoprazole huchaguliwa zaidi. Vidonge vya virusi vya UKIMWI vyenye rilpivirine havichanganywi kabisa na ukoo huu.

Mlalakiti:
Asante sana. Kama ni hivyo, nikipata kapsuli ya 40 naweza kuigawa nusu nipate mbili za 20?

Dirishani:
Hapana. Ndani kuna punje zenye ganda linalozilinda zisiharibiwe na asidi ya tumbo, na huwezi kuzigawa sawasawa kwa macho. Usizisage wala kuzitafuna. Kwa asiyeweza kumeza kapsuli nzima, nyingi huruhusu kufunguliwa na punje kumwagwa kwenye kijiko cha tunda lililopondwa lenye uchachu, zikamezwa papo hapo. Soma karatasi ya maelezo kwanza.

Kapsuli:
Kuacha: baada ya wiki 8 tumbo linaweza kulipiza kwa kumwaga asidi nyingi kuliko kawaida, kwa wiki kadhaa. Watu hudhani ugonjwa umerudi, wakanunua tena dawa wasiyoihitaji. Muulize daktari kuhusu kushuka kwa hatua: 40 hadi 20, kisha siku moja ndiyo moja hapana, kisha kuacha. Katikati, dawa za majimaji zenye alginate (ute unaoelea juu ya asidi na kuizuia isipande) baada ya kula husaidia.

Ukilazimika kuendelea mwaka au zaidi, omba wakupime magnesiamu na vitamini B12. Kukakamaa kwa misuli au moyo kwenda mbio ni sababu ya kupima mapema.

Punje:
Naongeza moja tu. Ukitakiwa kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo kwa pumzi au kwa choo, dawa hii isimamishwe wiki 2 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna wakati unao. Na chakula kikianza kukwama kifuani, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami au ukikonda bila sababu, usingoje wiki 8 ziishe. Nenda ukaonwe.