Kasi ya Diblo: niiendee au niiache?

SoloKayole: Wadau, napiga gita la solo kanisani. Diblo Dibala, yule mpiga gita wa Kongo aliyebandikwa jina "Machine Gun", akiingia sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo gita hutawala, nasisimka mwili mzima. Nakaza kuifikia kasi yake, lakini mwalimu wa kwaya anasema wimbo unapotea. Nipunguze?

MzeeWaRumba: Kijana, msikilize Diblo vizuri. Anakimbia, ndiyo, lakini kila anachopiga unaweza kukiimba kwa mdomo! Basi imba mstari wako kwanza, gita likiwa chini. Ukishindwa kuuimba, vidole vinahangaika bure. Kisha mtafute Dr Nico, mpiga solo wa bendi ya African Jazz. Anaiacha noti ipumue mpaka unaitamani inayofuata. Humsikiliza kwenye matatu nikirudi mtaani Kahawa usiku, na hadi leo hunitoa machozi.

Nyuzi6: Ongeza mpiga gita Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Katanga, Kongo, mwaka 1952. Kidole gumba na cha shahada tu, lakini besi na wimbo vyote vimo.

SoloKayole: Asante mzee. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, niiweke ngapi?

MzeeWaRumba: Anza mapigo 80 kwa dakika. Noti zikigandana, usipande.