Mrejesho: laptopu iliyokuwa ikiganda kadi ya grafiki ikilala

Assalaam alaykum jamaa. Wiki jana niliuliza kuhusu laptopu yangu ya Linux: ikikaa bila kazi kadi ya grafiki hulala, kisha nikifungua programu ya kuhariri video za arusi, skrini huganda mpaka niizime kwa nguvu.

Kaka uliyeniambia nisome dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha Linux), Mungu akuzidishie. Kosa lilikuwa pale pale. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, huipeleka kwenye hali ya D3cold, yaani umeme wake hukatwa kabisa, halafu hushindwa kuirudisha D0, hali ya kuwaka kikamilifu. Nikaandika "on" badala ya "auto" kwenye faili ya power/control ya kadi hiyo, inayoamua kama kadi iruhusiwe kulala, isilale tena. (Mpangilio huo hupotea ukiwasha mashine upya, msisahau.) Siku tatu haikuganda hata mara moja, ila ilipata moto na betri iliisha upesi, na hapa Lamu umeme ukikatika betri ndiyo tegemeo langu. Sikuridhika.

Jana nikaweka kerneli mpya, nikarudisha "auto". Kadi inalala na kuamka vizuri, alhamdulillahi! Nimebakisha kujaribu kuifunga laptopu kifuniko usiku kucha. Nitaijaribu leo baada ya isha.