Binti yangu hukimbia vizuri mazoezini, siku ya mashindano miguu humwishia nguvu: naomba ushauri

MzaziSingida: Ndugu wanajukwaa, binti yangu yuko kidato cha pili na hukimbia mita 1500. Mazoezini humaliza duru zote tano akiwa bado na pumzi ya kuzungumza, lakini siku ya mashindano hutapika kabla ya kuitwa mstarini, na wakianza tu miguu humwishia nguvu. Hospitali hawakuona ugonjwa. Nimwandaeje kisaikolojia, kwani mchujo wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa umekaribia?

KochaMchangani: Mzoeze kuvuta pumzi taratibu na kuitoa polepole zaidi, na apashe mwili joto kwa mpangilio ule ule, mazoezini na mashindanoni. Asiwaze nafasi atakayoshika. Awaze duru aliyomo.

Mstaafu74: Watoto wa leo wanadekezwa. Mwaka 1974 kule Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Sisi tulikimbia peku, na hakuna aliyetuuliza habari za saikolojia.

MamaWawili: Mzee wangu, hakuuliza habari za Bayi. Baba, hali hii ilianza lini, na anafundishwa na nani?

MzaziSingida: Ilianza mwaka huu. Namfundisha mimi.

MamaWawili: Na mwalimu wa michezo je?

MzaziSingida: Nilimwondoa kwake kwa sababu alikuwa mpole mno. Nisieleweke vibaya: nimetundika ubao sebuleni wenye muda wake na, kando yake kwa wino mwekundu, muda wa msichana anayemshinda, ili auone kila anapokula. Nia ni kumjenga. Fomu ya mkoa nimeshaisaini.

Kicheko: Kumbe mtoto anakula ugali na mpinzani wake! Hata mimi ningetapika.

BwanaShaka: Hadithi hii imetungwa. Duru ya uwanja wa riadha ni mita 400, hivyo mita 1500 ni duru tatu na robo tatu. Anayemfundisha mkimbiaji angeandikaje tano?

MzaziSingida: Uwanja wa shule ni wa nyasi, na duru yetu ni ya mita 300, tuliyoipima kwa kamba na kuichora kwa chokaa. Piga hesabu mwenyewe.

KochaMchangani: Basi BwanaShaka ametusaidia bila kukusudia. Binti amezoea kumalizia pale alipoanzia. Kwenye uwanja wa mita 400 hukimbia mita 300 kwanza, ndipo zifuate duru tatu kamili, na kwa mtu ambaye tayari ana wasiwasi, kutojua amebakiza kiasi gani kunatosha kumvuruga. Mpeleke akautembee uwanja huo kabla ya mchujo, akipanga atafanya nini katika kila kona. Ubao uuteremshe leo.

MamaWawili: Simbu, mkimbiaji wa marathoni wa mkoa wenu huo huo, alipata shaba ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu akaipata Tokyo mwaka 2025, tena kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mtoto wa kidato cha pili ana haraka gani?

MzaziSingida: Uwanjani nitampeleka Jumamosi. Muda wa yule msichana nitaufuta, lakini wa binti yangu utabaki ubaoni. Habari ya kumrudisha kwa mwalimu tutaizungumza baada ya mchujo.

MamaWawili: Mtaizungumza nani na nani? Binti mwenyewe umeshamuuliza?