Wamepiga picha barua za kale, wameziita "hifadhi ya kidijitali", na hazitumiki!

Wakuu, nina hasira na safari hii sinyamazi.

Nafundisha historia. Nimetumia wiki tatu kuandaa somo juu ya barua za wafanyabiashara wa zamani, za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Taasisi moja, jina nalihifadhi, ilitangaza kwamba imeziweka mtandaoni "kwa ajili ya watafiti, walimu na wanafunzi". Nikazifungua mbele ya darasa.

Picha ni ndogo, ukizivuta wino unageuka vidoti. Nembo ya taasisi imegongwa katikati ya ukurasa, juu ya mistari yenyewe tunayotaka kusoma. Faili zinaitwa IMG_0417, IMG_0418, basi. Hakuna tarehe, hakuna namba ya jalada, hakuna nani alimwandikia nani. Na mgongo wa barua haukupigwa picha hata mmoja! Aliyewahi kushika barua za kale anajua kwamba mara nyingi huko nyuma ndiko kuliko na anwani, na pengine muhuri, au mpokeaji kaandika siku iliyomfikia. Mtu alikuwa na karatasi mkononi, akashindwa kuigeuza.

Nikaandika jina la mtu kwenye kisanduku cha kutafutia. Sifuri. Neno "deni"? Sifuri. Bila shaka, maana hakuna aliyezisoma. Kompyuta inaona picha tu, maneno haiyaoni.

Na tafadhali mtu asije hapa kuniambia programu itasoma yenyewe. Programu za kutambua maandishi zinamudu kitabu kilichochapwa vizuri. Mwandiko wa mkono ni jambo lingine, na mwandiko huu ni mgumu zaidi. Waandishi wetu wa zamani walitumia be ile ile kwa b, kwa p na kwa mb. Alama tatu za irabu za Kiarabu zilibebeshwa irabu zetu tano, i na e zikagawana moja, u na o moja. Kwa hiyo neno lile lile lililoandikwa mbele yako laweza kuwa bata, pata au mbata. Kwenye barua ya biashara hilo si jambo dogo: mbata ni shehena, pata ni mtu anaahidiwa kitu. Anayeamua ni msomaji anayeijua lugha, aliyezoea mkono wa mwandishi yule, na anayeandika pembeni pale anapokuwa na shaka. Kazi hiyo inalipwa mshahara. Nilipouliza kwa barua pepe nani amezisoma, nikajibiwa kwamba fedha za skana zilikuwepo, za wasomaji hazikuwepo. Sasa mlikuwa mnamwekea nani?

Nikaomba picha kubwa zisizo na nembo. Nikaambiwa nilipie kila ukurasa, kwa sababu "haki zote zimehifadhiwa". Haki za nani? Aliyeandika barua alikufa zamani, na kupiga picha karatasi bapa hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Mwaka 1999 mahakama ya shirikisho huko New York ilikataa kutambua hakimiliki kwenye picha zinazonakili tu michoro ambayo tayari ni mali ya umma. Rijksmuseum ya Amsterdam inaachia picha za kazi zake za kale zipakuliwe bure, kubwa na safi, na kazi hizo hazijapungua thamani hata senti.

Kuna atakayesema nishukuru, picha mbaya ni afadhali kuliko moto. Majanga nayajua. Jengo la hifadhi ya nyaraka la Köln, Ujerumani, liliporomoka tarehe 3 Machi 2009, na Makumbusho ya Taifa ya Brazil yaliteketea usiku wa tarehe 2 Septemba 2018. Ndiyo maana nimekasirika! Siku karatasi ikiangamia, IMG_0417 yenye nembo katikati ndiyo itakayobaki kuwa ushahidi pekee, na mgongo utakuwa umepotea milele.

Tena hata hizo picha haziko salama. Darasa la pili nilirudi nikakuta viungo vyote vimekufa, tovuti imebadilishwa na anwani za zamani hazielekezwi kokote. Mwaka 1986 BBC na washirika wake waliweka picha ya maisha ya Uingereza kwenye diski za leza, kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, daftari la kale la ardhi na mali za Uingereza. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu kiasi kwamba ilibidi kazi maalumu ya kuokoa yaliyomo, huku kitabu chenyewe cha 1086 kikiendelea kusomeka. Somo hilo lina miaka mingi sasa. Kuweka anwani ya kudumu kwa kila waraka si uchawi, maktaba nyingi zinafanya, na zile zinazotumia IIIF, utaratibu wa pamoja wa kuonyesha picha mtandaoni, zinakuwezesha kuweka kurasa za maktaba mbili ubavu kwa ubavu bila kupakua chochote.

Nimewaandikia mara nne. Sasa naomba hapa: kama kuna mdau aliyepakua lile bunda lote kabla viungo havijafa, hata kwa udogo wake ule, aseme kwenye uzi huu. Na kama kuna anayesoma mwandiko wa aina hii, tugawane barua tuanze kuzinukuu wenyewe. Nitaanza na ile ya IMG_0417, nimeibakiza kwenye simu.